Shamba Huuzwa, Kichuguu Hubaki

Nilikwenda Kasulu kwa sababu ya kesi ya kichuguu. Mama Jeni, jirani yangu hapa Shinyanga, ni Muha wa Muyama aliyeolewa huku. Novemba ya mwaka 2013 aliingia uani kwangu uso umemshuka, akaniambia mama yake mzazi, ambaye ni mjane, ameitwa kwenye baraza la kitongoji. Kosa lake ni kumzuia mtu asichimbe kichuguu.

"Kichuguu ni chake?" nikauliza.

"Chake."

"Kiko shambani kwake?"

"Shamba si lake, liliuzwa. Kichuguu ndicho chake."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kwetu Usukumani kichuguu ni cha atakayewahi na jembe. Udongo wake tunafyatulia matofali, tunakandikia kuta, na sijapata kusikia mtu akiulizwa kibali. Mama Jeni alikuwa na mtoto mchanga, safari ndefu asingeiweza. Mimi nilikuwa na likizo ya wiki mbili nisiyojua nitaifanyia nini. Nikamwambia nitampelekea mama yake shuka na sukari, na hapohapo nikajionee jinsi mtu anavyomiliki nyumba ya mchwa.

Nililala Kahama, na basi letu likaondoka alfajiri. Mpaka Nyakanazi barabara ni ya lami na abiria walilala. Pale Nyakanazi alipanda askari mwenye bunduki wa kutulinda na majambazi, akakaa nyuma ya dereva, na tangu hapo lami ikaisha, watu wote wakaamka. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Badala ya vumbi tulilotishiwa, tulipata tope jekundu lililolifanya basi liende mwendo wa ng'ombe mwenye mimba.

Mwendo ule ulinifaa. Mimi nimezoea nchi tambarare, ambako mti mmoja unaonekana tangu unapoanza kuuelekea mpaka unapousahau. Kuanzia Kakonko ardhi inapanda na kushuka, miyombo imechipua majani mapya yenye rangi ya shaba, na katika panda za miti imelala mizinga ya magogo. Mashamba yako katikati ya vilima, na karibu kila shamba lina kichuguu. Vingine vilifika usawa wa dirisha la basi. Nilianza kuvihesabu kwenye daftari langu, nikaacha, maana nilikuwa nimeona jambo jingine. Matuta ya mahindi yalikuwa yanakuja yamenyooka, yakifika kwenye kichuguu yanapinda, yanakizunguka, kisha yananyooka tena. Aliyelima alikuwa na jembe mkononi na kichuguu mbele yake, na bado alichagua kuzunguka.

Kabla ya Kibondo basi lilisimama kwenye kilima ambapo akina mama wawili walikuwa wanauza uyoga. Kofia ya uyoga mmoja ilitosha kufunika sahani. Nikashuka.

"Umeuchuma wapi, mama?"

"Kichuguuni."

"Kichuguu cha nani?"

Akaniangalia, akamwangalia na mwenzake. "Wewe unataka uyoga au unataka kichuguu?"

"Huyo ni mtu wa ardhi," mwenzake akamwonya. "Usimjibu, atakuja na kamba ya kupimia."

Wakacheka mpaka dereva akapiga honi. Nilinunua uyoga, jibu sikupata.

Kibondo tulifika jioni. Mwenye nyumba ya wageni niliyolala alikuwa Mzee Sudi, mfanyabiashara ambaye baba yake alitoka Pangani. Yeye amezaliwa hapahapa, lakini bado anawaita wenyeji "hawa Waha". Dukani kwake palikuwa na kisado cha kumbikumbi waliokaushwa. Nilimwuliza kuhusu kesi iliyonileta.

"Baba yangu alipofika hapa alinunua kiwanja chenye kichuguu," akasema. "Akawaita vijana wakivunje. Wakamwuliza, Mzee, kiko hai au kimekufa? Akadhani wanamtania."

"Kichuguu kinakufa?"

"Mchwa wakihama, kimekufa, kinakuwa udongo tu. Hapo chimba utakavyo, hakuna atakayekuuliza. Lakini kikiwa hai kina mwenyewe, na huyo mwenyewe anaweza kuwa amekirithi kwa bibi yake. Hawa Waha hata kichuguu kina warithi."

"Baba yako alifanyaje?"

"Alijenga duka upande wa pili wa barabara. Ndiyo hili."

Siku ya pili, saa nane mchana, nilikuwa Kasulu, na kutoka hapo nikapanda bodaboda kwenda Muyama, katika wilaya mpya ya Buhigwe. Njia inapanda kati ya migomba na mashamba ya maharage. Mabonde yote yalikuwa ya kijani. Dereva aliniteremsha mbele ya nyumba ya bati yenye ua uliofagiliwa, ambako mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha kanisani kichwani alikuwa anasuka kikapu.

Huyu ndiye Bibi Skolastika, mama yake Mama Jeni, ambaye kijiji kizima kinamwita Bibi Skola. Alipiga makofi taratibu huku ameinama kidogo, akaniuliza habari za bintiye, za mjukuu, za mkwe, za ng'ombe nisio nao, na kila jibu alilipokea kwa makofi. Kwetu salamu kama ile ingetosha kufungia ndoa. Alipomaliza akaipokea shuka, akaishika mkononi kuujua uzito wake, akasema, "Sasa twende ukamwone mgonjwa."

Mgonjwa alikuwa kichuguu. Kilisimama katikati ya shamba lililo mbele ya nyumba yake, kirefu kuliko mimi, kimeota mti wa mwengere na vichaka kadhaa. Upande mmoja kilikuwa kizima. Upande wa pili kilikuwa kimekatwa kwa sululu mpaka ndani, vyumba vya mchwa vinaonekana kama mkate uliomegwa. Pembeni yalipangwa matofali mabichi, yamefunikwa nyasi. Hatua kadhaa kutoka hapo ulichimbwa mtaro wa msingi wa nyumba.

Alikirithi kwa marehemu mumewe. Nilimwuliza kichuguu kinampa nini. Akanijibu akitembea, akionyesha kwa kidole. Pale chini ya mti uyoga huota mvua zikikolea. Hapa, kwenye shimo lililotandikwa majani, huanguka kumbikumbi. Kuna wa kula, wa kukausha na wa kuuza. Udongo unaoporomoka miguuni mwake yeye huukwangua na kuumwaga kwenye mahindi. Nami niliyaona mahindi yaliyokizunguka kichuguu: yalikuwa yamewapita wenzao kwa shubiri nzima.

"Na wewe unakipa nini?" nikauliza kwa mzaha.

Hakuona mzaha. "Mabua. Tukishavuna, mabua na makapi ya maharage tunayarundika hapa chini, wale. Mchwa ni mtu wa kula. Ukimlisha kwake haji kwako." Akaliangalia shamba. "Mwalimu, huyu aliyelinunua, aliyachoma mabua yote mwaka jana. Mchwa wakala mahindi yake. Akaja kunishtaki! Nikamwambia, Mwalimu, umewanyima, wamejichukulia."

Niliwaza huyo Mwalimu atakuwa mtu wa namna gani, na jioni ileile nilimfuata. Mwalimu Kapinga ni mwenyeji wa Mbinga aliyehamishiwa shule ya msingi ya pale. Nilimkuta kwenye nyumba ya kupanga, chumba na sebule kwa watu sita, mkewe anakinga maji ya mvua yanayovuja juu ya kitanda. Alikuwa mpole, tena amechoka.

"Ndugu yangu, mimi si mgomvi," akasema. "Shamba nimenunua kwa Mzee Gwimo, shemeji yake Bibi. Karatasi ninayo, mashahidi watano. Nitafute udongo wapi, na udongo bora kuliko wote uko shambani kwangu? Mvua hizi zikikolea kabla sijachoma matofali, yote yanakuwa tope. Mke wangu amevumilia miaka mitatu."

"Mzee Gwimo hakukwambia habari ya kichuguu?"

"Hata neno moja."

Kesho yake asubuhi, kabla ya baraza, nilimpata Mzee Gwimo anakwenda uani kwa mwenyekiti na kiti chake mkononi. Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mnunuzi. Alisimama njiani, akanitazama kwa huruma.

"Msukuma, ukiuza ng'ombe unamwambia mnunuzi kwamba mkia si kamba?"

Basi nikaielewa kesi. Mwuzaji hakuficha kitu. Hapa, anayeuza shamba huuza lile linalolimwa. Kichuguu hai hakilimwi, kwa hiyo hakiuzwi, na hakuna aliyewahi kulisema jambo hilo kwa sababu hapakuwahi kuwa na mtu asiyelijua. Kosa lao lilikuwa moja: walimwuzia mtu wa Mbinga kana kwamba amezaliwa Muyama.

Baraza lilianza saa tatu. "Mwakeye," mwenyekiti wa kitongoji akawasalimu wote, na baada ya hapo shauri likaendeshwa kwa Kiswahili kwa ajili ya Mwalimu na mimi mgeni, ingawa maneno makali yalitoka kwa Kiha na kutafsiriwa yakiwa yamepoa. Mwalimu alisoma karatasi yake. Ilikuwa safi. Mipaka minne, majina, sahihi. Nilimtazama Bibi Skola, nikaona ameshika pindo la kanga kwa mikono yote miwili. Hakuwa na karatasi yoyote.

"Bibi, una la kumwuliza Mwalimu?" mwenyekiti akasema.

Bibi Skola akasimama. "Mwalimu, msimu uliopita, kumbikumbi walipotoka, mjukuu wangu alikuletea nini?"

"Bakuli la kumbikumbi, Bibi. Nakushukuru."

"Na mwaka juzi?"

"Vilevile."

"Ulikula?"

"Nilikula. Sisi kwetu pia tunawala."

"Wangapi hapa waliletewa bakuli na mimi?" Akageuka kuwatazama waliokaa. Hakuna aliyenyoosha mkono. "Shemeji Gwimo, wewe ni ndugu wa marehemu mume wangu. Nilikuletea?"

"Nilipokuwa nalima shamba lile nilikuwa naletewa," Gwimo akajibu. "Tangu niliuze, sijaonja."

"Ego! Ndivyo, hajaonja, na analalamika kila siku." Watu wakaangua kicheko, na Gwimo mwenyewe akacheka. Bibi akamrudia Mwalimu. "Bakuli la kwanza ni la mwenye shamba, kwa sababu mchwa wangu wanakula mabua yake. Umelipokea mara mbili. Ulidhani nakulisha kwa uzuri wa sura yako?"

Ua ulivuma kwa vicheko. Mwalimu alifunika uso kwa ile karatasi, na ilipoteremka alikuwa anacheka naye, lakini kwa aibu. "Bibi," akasema, "mimi nilidhani ni ukarimu. Nilimwambia mke wangu, watu wa huku wana roho nzuri."

"Roho tunayo," mwenyekiti akasema, "lakini bakuli ni bakuli."

Hata hivyo kesi haikuisha. Mwalimu aliuliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulidharau: kama kichuguu hakichimbiki, matofali yake yaliyobaki ayapate wapi, naye ameshachimba msingi? Wengine walisema amalizie upande uliokwisha kukatwa. Bibi Skola akasema ukiongeza sululu moja utamfikia malkia, na malkia akifa, kesho yeye atabaki na lundo la udongo tu. Mwenyekiti akaahirisha mpaka Jumatatu na kuwakataza wote wawili wasichimbe kitu.

Alasiri mvua ilinyesha kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha jua likatoka. Bibi Skola alinusa hewa, akawaita wajukuu wake wawili wa kike. Kwa dakika chache walikuwa wamechomeka fito zilizopindwa kuzunguka upande mzima wa kichuguu, wakafunika kwa majani ya migomba, wakaacha tundu moja la mwanga juu ya lile shimo. Kisha wakaketi na vijiti, wakaanza kugonga gogo lililolazwa chini, taratibu, tatatata, kama matone kwenye majani. Bibi aliniambia mchwa wakisikia hivyo hudhani mvua bado inanyesha huko juu, nao husukumana kutoka. Nilipewa vijiti nikagonga. Waliniambia nagonga mvua ya Shinyanga, ile isiyofika ardhini.

Kumbikumbi walianza kutoka, lakini wachache. Wakaanguka shimoni mmojammoja. Bibi alizunguka upande uliokatwa, akaweka sikio kwenye udongo, akarudi amekunja uso. Wajukuu waliendelea kugonga.

Ndipo tukasikia sauti ya mke wa Mwalimu, aliyekuwa amekuja kufunika matofali baada ya mvua. "Baba Upendo! Baba Upendo, njoo uione sebule yako!"

Tulikimbia wote. Kwenye mtaro wa msingi, hatua kumi na tano nzima kutoka kwenye kichuguu, sakafu ilikuwa imepasuka matundu. Kumbikumbi walikuwa wanatoka humo kwa mamia, mabawa yanang'aa, wanapanda ukingo wa mtaro na kuruka. Mtaro wote ulikuwa unavuma. Mwalimu Kapinga alifika amevaa ndala moja, akasimama ukingoni na mdomo wazi.

"Wamefikaje huku?" akauliza.

"Hawajafika," Bibi Skola akamjibu. "Wapo tangu zamani. Wewe uliona kichwa ukadhani ndio mtu mzima. Ukijenga hapa, kichuguu uvunje usivunje, watapanda ukutani wakale kenchi za paa lako, na wewe umelala chini yake."

Mke wa Mwalimu alikuwa tayari ameingia mtaroni na ndoo. "Mengine mtazungumza baadaye," akasema. "Leteni vyombo." Tukateremka wote, mgeni, Bibi na Mwalimu mwenyewe, tukawa tunazoa kwa mikono. Mbayuwayu walitupita juu ya vichwa wakichukua sehemu yao.

Jumapili, watu walipotoka misani, Mwalimu alikuja na vigingi na kamba. Hakusubiri Jumatatu. Alimwomba Bibi Skola amwonyeshe mahali ambapo mchwa hawafiki. Bibi aliondoka kichuguuni akihesabu hatua kwa Kiha, Mwalimu nyuma yake na nyundo. Akipigilia kigingi, Bibi anatikisa kichwa.

"Hapa bado."

"Bibi, tunakaribia mpaka wa jirani."

"Songa."

Walisonga mpaka ukingo wa shamba upande wa barabara. Pale Bibi alikanyaga ardhi kwa kisigino mara mbili, akaridhika. Mzee Gwimo, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake akitazama, akasema bondeni kwake kuna kichuguu kilichokufa tangu mwaka wa njaa, Mwalimu akachimbe hicho, na vijana wamsaidie kubeba. Mwalimu aligeuza kamba ili mlango uangalie barabara. Bibi akaiondoa mkononi mwake na kuielekeza shambani.

"Mlango utazame kichuguu. Mimi nimezeeka, nani atanifukuzia kuku wanaodonoa mchwa?"

Mwalimu akamtazama mkewe. Mkewe akainua mabega. Vigingi vikapigiliwa hivyo. Jioni ileile karatasi ya mauzo iliongezwa mstari mmoja, kwamba kichuguu hakikuuzwa, kwa kalamu ya mwenyekiti, na Bibi Skola akaweka dole gumba.

Jumatatu nilirudi kwa njia ileile, Kasulu, Kibondo, Kakonko, lakini sikuiona ileile. Wakati wa kwenda nilikuwa nimeona nyumba zimetawanyika vilimani nikadhani kila mtu amejenga alipopenda. Sasa nilizitazama pamoja na vichuguu, nikaona kwamba karibu kila nyumba imekaa mbali na kichuguu chake kwa umbali unaofanana, na kwamba vijia vinapinda palepale matuta yanapopinda. Watu wale ndio waliokilisha kichuguu mabua kikanenepa, na kichuguu ndicho kilichowaambia wajenge wapi na wapite wapi. Ukimwuliza mwenyeji nani alianza, atakuona kama akina mama wa uyoga walivyoniona mimi. Nilichojifunza ni kwamba sheria yao kubwa haikuwa imeandikwa kwa sababu ilikuwa imeota ardhini, inaonekana kwa kila mtu isipokuwa mgeni, na mgeni anastahili kuambiwa kabla hajashika sululu.

Januari Mama Jeni alipigiwa simu na mama yake. Nyumba ya Mwalimu imefika kwenye linta. Kichuguu kilikuwa kimekaa wiki nyingi bila dalili ya uhai, Bibi akaanza kukiita marehemu. Kisha asubuhi moja akakuta lile pengo la sululu limezibwa kwa udongo mbichi. Nikamwomba Mama Jeni amwulize mchwa wameutoa wapi udongo huo. Bibi Skola hakusita: una wekundu wa ule mtaro wa msingi. Walipoachiwa sebule, wakaihamishia kwao.